UZI: Unahama kutoka boila la mafuta kwenda la gesi? Dohani kwanza, boila baadaye (yaliyotupata sisi na tulivyorekebisha)

Mleta uzi

Habari zenu wadau. Uzi huu ni mrefu, nawaomba radhi mapema, lakini kama uko mbioni kutoa boila la mafuta uweke la gesi na bomba la moshi ni lile lile la tofali la siku zote, soma mpaka mwisho. Sisi tulikuja kuyajua haya baada ya kuponea chupuchupu.

Nyumba yetu ilipashwa joto kwa mafuta tangu ijengwe. Boila liko besimenti, dohani ya tofali imepanda kwenye ukuta wa nje na ndani yake ina vigae vya udongo. Haikuwahi kutusumbua hata siku moja. Tulipoamua kuhamia gesi akaja fundi wa boila, na niseme haki yake, boila alilifunga vizuri, mabomba yamenyooka hayavuji. Tukamuuliza na dohani je? Akachungulia pale bomba linapoingia ukutani akasema hii imebeba moshi wa mafuta miaka yote, gesi ni nyepesi, itabeba tu. Ikatuingia akilini. Mafuta tunayajua, yana masizi na harufu, gesi inawaka bluu haina moshi wa kuonekana, sasa dohani iogope nini?

Mwezi wa kwanza kimya. Mwezi wa pili ukuta wa chumba cha juu, ule unaopakana na dohani, ukatoa doa la kahawia na rangi ikaanza kuvimba malengelenge. Tukasema paa linavuja, tukamwita mtu wa paa, akasema paa zima. Kukawa na kaharufu kama ka kiberiti, kanakuja kanaondoka. Halafu mama, ambaye analala karibu na ngazi za kushukia besimenti, akawa anaamka kichwa kinamgonga na kichefuchefu, akikaa nje kidogo anapata nafuu. Tukasema presha. Karibu wiki nzima tunasema presha, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Usiku mmoja king'ora cha kaboni monoksidi kikalia. Tukatoka wote nje, tukapiga simu ya dharura, wakaja kupima na kuzima boila. Mama alipelekwa kupimwa na akapewa oksijeni, yuko salama, namshukuru Mungu kila nikipita pale kwenye ngazi.

Kesho yake akaja fundi wa dohani. Akafungua kile kilango kidogo cha chuma kilicho chini kabisa ya dohani, cha kutolea masizi. Wadau, vilivyotoka mle sikuamini. Masizi yaliyolowa kama tope, vipande vya vigae, madonge ya mota iliyolainika unaiponda kwa vidole. Lundo limepanda mpaka kwenye mdomo wa bomba la boila, imebaki nafasi ya kama vidole viwili. Hewa chafu yote ya boila ilikuwa inapitia hapo, na ikikosa njia inarudi ndani.

Naendelea chini, kuna mambo ya kueleza.

Mleta uzi

Sasa kwa nini dohani iliyovumilia mafuta miaka yote ishindwe na gesi iliyo safi? Hili nilimuuliza fundi karibu mara nne mpaka likanikaa.

Gesi asilia ikiungua inatoa maji mengi. Huyaoni kwa sababu ni mvuke. Ukichoma mita moja ya ujazo ya gesi unapata takriban lita moja na nusu ya maji, wakati lita moja ya mafuta, ambayo inatoa joto karibu sawa na hilo, inatoa kama lita moja. Siku ya baridi kali nyumba ikichoma mita 10 za gesi maana yake umepandisha kwenye dohani maji ya kujaza ndoo ya lita 15. Ndoo nzima, kwa siku moja, kama mvuke.

Na la pili ni joto. Boila la zamani la mafuta lilikuwa linatoa moshi wa nyuzi 200 za Selsiasi na zaidi. Ni upotevu, ndio, lakini joto hilo ndilo lililokuwa linakausha dohani na kuusukuma moshi juu fasta. Boila jipya la gesi linabakiza joto ndani ya nyumba (ndiyo sababu tunalinunua) kwa hiyo hewa inayotoka haina joto kali kama ile ya mafuta. Mvuke wa gesi unaanza kugeuka maji ukigusa kitu chenye nyuzi kama 55 kushuka chini. Dohani pana ya tofali iliyo kwenye ukuta wa nje, imepigwa baridi pande tatu, haiwezi kufika nyuzi 55 hadi juu. Mvuke unapanda nusu ya safari, unapoa, unageuka maji, unatiririka kwenye kuta za ndani.

Na hizo kuta zina nini? Masizi ya mafuta ya miaka na miaka, yana salfa ndani yake. Yakiwa makavu yalikuwa yamelala tu. Yakilowa yanakuwa tindikali inayokula mota na vigae, na yenyewe yanabanduka yanaanguka chini. Kwa hiyo gesi ndiyo iliyokuja kuyabandua masizi ambayo mafuta yaliyaweka. Ndiyo maana lile doa la kahawia, ndiyo maana ule unga mweupe kama chumvi unaouona kwenye tofali za nje, ndiyo maana harufu. Na dohani ikiziba boila linavuta hewa ile ile iliyokwisha kuungua, oksijeni inapungua, moto unaungua nusunusu, hapo ndipo kaboni monoksidi inazaliwa kwa wingi. Haina rangi wala harufu. Ile harufu tuliyosikia ilikuwa ya masizi mabichi, tulikuwa na bahati tu ya kuwa na kitu cha kunusa.

Mdau A

Pole sana mkuu, na pole kwa mama. Nimeweka kambi hapa. Sisi tunabadilisha mwezi ujao na fundi wetu kasema maneno YALE YALE, "itabeba tu". Swali, siwezi kununua brashi nikapiga dohani mwenyewe nikamaliza?

Mleta uzi

@Mdau A asante ndugu yangu. Brashi unaweza kupiga lakini usiishie hapo na nisingekushauri. Masizi ya mafuta si kama ya kuni, ni laini kama unga wa wino, yanapaa nyumba nzima, yakiingia kwenye zulia ndiyo basi tena, na kifua hayakifai. Fundi wetu alifunga plastiki mlango wa besimenti, akaweka mashine ya kufyonza pale chini inafanya kazi muda wote, akapiga brashi kutoka juu hadi chini, halafu akasafisha na kile kipande cha bomba kinacholala kutoka boila hadi ukutani, na akachokoa lile shimo la chini chini ya mdomo wa bomba. Wengi wanalisahau shimo hilo na ndilo linalojaa.

Baada ya kusafisha ndipo akashusha kamera. Kabla ya kusafisha kamera haikuonyeshi kitu, unaona weusi tu. Tulipoangalia tukaona vigae viwili vimepasuka kabisa, kimoja kimekosekana, na maungio mengi hayana mota. Hivi vitu brashi yako haitakwambia.

Na hata kama umeshaamua utapitisha bomba jipya la chuma ndani ya dohani, bado lazima isafishwe kwanza. Usikubali mtu akuambie "bomba jipya litafunika yote". Masizi yaliyobaki nyuma yakipata unyevu yanalila bomba kwa nje, hasa la alumini.

Mdau B (fundi)

Mimi kazi yangu ni dohani na mabomba ya moshi. Mleta uzi umeeleza vizuri, naongezea ya kiufundi kidogo kwa sababu hapa ndipo watu wanapoumia.

Suala si usafi peke yake, ni UKUBWA. Dohani nyingi za mafuta ni pana kuliko gesi inavyohitaji. Ikiwa pana mno hewa inapanda polepole, inapoa, inakosa nguvu ya kutoka. Kanuni za gesi za Marekani, ile NFPA 54, zina kipimo ambacho mafundi tunakitumia sana kwa kifaa kimoja kinachotegemea mvuto wa asili (yaani hewa ya moto inapanda yenyewe bila feni): eneo la ndani la dohani lisizidi mara 7 ya eneo la mdomo wa kutolea hewa wa kifaa. Tupige hesabu. Mdomo wa sentimita 10 upana, duara, eneo lake ni kama sentimita za mraba 78. Mara 7 ni karibu 550. Dohani yako ndani ina 25 kwa 25, hiyo ni 625. Imeshazidi tayari, hata kama ni mpya na inang'aa. Na hicho ni kikomo cha juu, hakimaanishi kwamba ukifika hapo dohani yako ndiyo nzuri, kama imekaa ukuta wa nje mimi nitaangalia jedwali la ukubwa kwa urefu wa dohani na nguvu ya boila na mara nyingi jibu linakuja kuwa dogo zaidi ya hapo.

Dawa yake ni laina, yaani bomba la chuma linaloteremshwa ndani ya dohani kutoka juu mpaka kwenye boila, lenye ukubwa unaolingana na boila jipya. La kukunjika kama dohani ina kona, la kunyooka kama imenyooka. Chuma cha pua daraja la 316 ndicho ninachokipendelea. Alumini inaruhusiwa kwa vifaa vya gesi vya kawaida vyenye mvuto wa asili, ni rahisi, lakini usiitumie kwa mafuta, usiitumie kwa kuni, na kwa boila la kisasa linalogeuza mvuke kuwa maji ndani yake ndiyo kabisa usiiguse, mule ndani kuna maji ya tindikali muda wote. Hayo yana mabomba yake maalum, ya plastiki aina ya polipropilini au chuma chake maalum, na mtengenezaji wa boila ndiye anayesema lipi.

Chini ya laina weka kiungo cha T chenye kifuniko, ili siku ya ukaguzi ufungue uone. Juu weka bamba linaloziba nafasi kati ya laina na tofali, na kofia ya kuzuia mvua na ndege. Na kama dohani iko nje, laina ivalishwe blanketi la kuhami joto. Watu wanakataa blanketi kwa sababu ya bei halafu mwaka unaofuata wananiita kwa sababu maji yanatiririka chini. Blanketi ndilo linaloifanya laina ipate moto haraka asubuhi boila likiwaka mara ya kwanza.

Mdau C

Mimi nahisi mnatisha watu. Nimehama kwenda gesi huu mwaka wa nne, dohani sijaigusa, nyumba haina doa wala nini. Mafundi wanatafuta kazi tu.

Mleta uzi

@Mdau C kaka sikupingi, inawezekana dohani yako ipo katikati ya nyumba, imezungukwa na vyumba vyenye joto pande zote, hiyo haipoi kama ya kwetu. Inawezekana pia aliyekuwa na nyumba kabla yako alishaweka laina. Lakini nakuomba kitu kimoja, na nakuomba kwa dhati. Jumamosi hii zima boila, lipoe, nenda pale chini fungua kile kilango cha kutolea masizi na utazame kwa tochi. Dakika tano. Kama kuna vumbi kavu kiasi cha kijiko, vizuri. Kama kuna tope, au vipande vya kigae, au lundo, usiwashe tena mpaka fundi aje. Sisi nyumba yetu nayo ilikuwa haina doa hadi siku ilipokuwa nalo.

Mdau D

Dada hapa nauliza, sisi boila letu jipya linatolea hewa ukutani kwa bomba la plastiki, halitumii dohani kabisa. Si tumepona basi?

Mdau B (fundi)

@Mdau D dada yangu, kwa boila umepona. Sasa niambie, maji ya kuoga yanachemshwa na nini?

Mdau D

Kuna hita ya gesi pembeni, ilikuwepo toka zamani, yenyewe bado imeunganishwa kwenye dohani.

Mdau B (fundi)

Hapo ndipo penyewe. Hiyo sisi tunaiita hita yatima. Zamani ilikuwa inapanda dohani pamoja na boila kubwa la mafuta, boila linaipasha dohani joto, hita inafaidi. Sasa boila limehama, hita ndogo imeachwa peke yake kwenye dohani kubwa ya baridi. Haina nguvu ya kuipasha joto. Hewa yake inapanda, inapoa, inageuka maji au inarudi chini kabisa. Nimekuta nyumba nyingi boila jipya limefungwa kitaalam halafu shida yote iko kwenye hita iliyosahaulika pembeni. Suluhisho ni mawili, ama uiwekee laina yake ndogo ya saizi yake, ama uiondoe uweke ya aina inayotolea ukutani au ya umeme.

Jaribio la nyumbani la kuona kama hewa inarudi: funga madirisha na milango yote ya nje, washa feni ya jikoni ya kutoa moshi, za bafuni, na mashine ya kukaushia nguo kama ipo. Hizo zote zinanyonya hewa kutoka ndani ya nyumba. Kisha washa hita, subiri dakika 5, sogeza kijiti kinachofuka moshi pembeni ya ule mdomo wazi ulio juu ya hita. Moshi ukivutwa kuingia, sawa. Ukisukumwa kurudi kwako, zima hita, fungua madirisha, tafuta fundi siku hiyo hiyo. Na hata ukivutwa vizuri bado unahitaji fundi mwenye kipimo, kijiti hakipimi kaboni monoksidi.

Mdau D

Nimefanya sasa hivi. Moshi umerudi. Nimezima na nimefungua madirisha.

Mleta uzi

Dada umefanya vizuri sana. Una king'ora cha kaboni monoksidi? Kile cha moshi wa moto hakihusiki, hakiigundui hii hewa.

Mdau D

Kipo cha moshi tu. Naenda kununua leo.

Mleta uzi

Nunua zaidi ya kimoja, kila ghorofa kiwe na chake na karibu na vyumba vya kulala kiwepo. Angalia na tarehe ya mwisho nyuma yake, vinaisha muda. Cha kwetu kilikuwa kwenye korido ya juu, chini kwa mama hakukuwa na kitu, ndiyo maana kilichelewa kulia. Na watu wakianza kuumwa kichwa au kizunguzungu mkiwa ndani, msikae kusubiri kilie.

Mdau E

Uzi mzuri. Je dohani yenyewe kama haitumiki tena unaizibaje? Naona watu wanamwaga zege juu wanamaliza.

Mdau B (fundi)

Usiizibe kama chupa. Tofali inaendelea kunyonya mvua kwa nje, na masizi ya ndani yanavuta unyevu, ukiziba juu na chini maji hayana pa kwenda yatatokea kwenye ukuta wako wa ndani. Isafishwe, iwekwe kofia inayozuia mvua lakini inapitisha hewa, na matundu ya bomba la zamani ndani ya nyumba yajengewe kwa tofali na mota, siyo kuziba kwa karatasi na plasta. Kama inaanza kubomoka juu ya paa, bora uishushe hadi chini ya paa na ufunike kuliko kungoja iangukie mtu.

Mdau F

Na kama kuna meko ya kuni sebuleni yanatumia dohani hiyo hiyo?

Mdau B (fundi)

Njia moja hapana. Gesi na kuni hazichangii njia. Dohani moja ya tofali inaweza kuwa na njia mbili ndani, kila kitu na njia yake, hiyo ni sawa, lakini kamera ithibitishe kwamba ukuta wa kati haujatoboka.

Mleta uzi

Ngoja niongeze mambo mawili matatu ambayo hatukuambiwa na mtu na siyo ya dohani moja kwa moja ila yako kwenye zoezi lile lile.

Kile kilango kinachobembea kwenye bomba la boila la mafuta, cha kurekebisha mvuto. Fundi wetu wa boila alikiacha. Kile cha mafuta kinafunguka upande mmoja tu. Kwa gesi, kama umebakiza boila la zamani na umebadilisha kichomeo tu, kinatakiwa cha kubembea pande zote mbili pamoja na swichi inayozima moto hewa ikirudi. Boila jipya linakuja na mpangilio wake, basi cha zamani kiondolewe.

Bomba la zamani la kijivu linalofanana na saruji, au mabandiko meupe kama plasta yaliyozungushiwa boila la zamani, usiyavunje wala kuyakata. Kwenye nyumba za zamani hayo mara nyingi yana asbesto. Yapimwe kwanza na yaondolewe na wanaojua.

Jiki na dawa nyingine za kufulia zenye klorini zisikae karibu na boila. Mvuke wake ukivutwa kwenye moto unageuka tindikali kali, unatoboa laina hata ya chuma cha pua. Sisi mashine ya kufulia ilikuwa palepale, tumeihamisha.

Na hili naliandika kwa herufi kubwa: BOMBA LA KUJAZIA MAFUTA LA NJE LIONDOLEWE. Siyo kufunikwa, liondolewe pamoja na lile la kupumulia, siku hiyo hiyo tanki linapotoka. Imeshatokea gari la mafuta linafika kwa ratiba ya zamani au linakosea nyumba, dereva anaona mdomo wa bomba ukutani anaunganisha mpira, anamwaga mamia ya lita kwenye besimenti isiyo na tanki. Pigeni simu kusitisha ratiba ya mafuta, na bado bomba litoke.

Mdau A

Mkuu sasa nimeshika. Mpangilio wa kazi uweje? Maana nina fundi wa boila, wa gesi, wa dohani, kila mmoja ananiambia wake aanze.

Mleta uzi

Wa dohani aje mara mbili. Kwanza kabla hujanunua hata boila, asafishe, ashushe kamera, apime upana na urefu. Kwa nini kabla? Kwa sababu matokeo yake yanaweza kukubadilishia boila. Dohani yetu ilihitaji laina na blanketi, ukijumlisha na kutengeneza kichwa chake juu, tungejua mapema tungechukua boila la kutolea ukutani tukaachana na dohani kabisa. Hiyo hesabu hatukupewa nafasi ya kuipiga. Kisha vibali, maana kazi ya gesi inahitaji kibali na mkaguzi, mwambie mkaguzi aandike na dohani, asiandike boila peke yake. Kisha boila la zamani linatoka, laina inashuka, boila jipya linaingia. Mara ya pili fundi wa dohani au wa boila mwenye kipimo awepo siku ya kuwasha, wapime mvuto na wapime kaboni monoksidi kwenye hewa inayotoka, wakuandikie namba kwenye karatasi ubaki nayo.

Fanya yote haya msimu ambao huhitaji joto. Sisi tulifanya baridi imeanza, kila mtu ana haraka, na nadhani hata yule fundi aliyesema "itabeba tu" asingesema hivyo kama tusingekuwa tunatetemeka mbele yake.

Na akija mtu akisema dohani ni nzima, muulize umeionaje. Kama hakupanda juu na hakushusha kamera, hajaiona.

Mdau B (fundi)

Sahihi. Naongeza moja, mwaka wa kwanza baada ya kubadilisha fungua kile kifuniko cha chini baada ya miezi miwili mitatu, kisha mwisho wa msimu. Hata dohani iliyosafishwa inaweza kuendelea kudondosha kidogo. Baada ya hapo mara moja kwa mwaka inatosha.

Mdau C

Nimerudi. Nimefungua kilango leo asubuhi. Kuna masizi na vipande vya udongo mwekundu, karibu ndoo moja, na yamelowa. Bomba la boila liko juu ya lundo kama kiganja na nusu. Nimezima, watoto nimewapeleka kwa shangazi yao. Mleta uzi samahani kwa maneno yangu ya juzi.

Mleta uzi

Hakuna samahani hapo kaka, wala usiombe. Usitoe hilo lundo mwenyewe, acha fundi alione lilivyo, vile vipande vyekundu ni vigae vyako na atataka kujua vimetoka wapi. Piga picha kilango kikiwa wazi, na picha ya tofali za nje kuanzia usawa wa paa kwenda juu, uziweke hapa, @Mdau B azitazame kabla fundi wako hajafika.

Mdau B (fundi)

Nipo. Weka na vipimo vya ndani vya dohani kama unaweza kuvifikia kutoka kwenye kilango, na kilichoandikwa kwenye kibati cha boila.